Heinrich Wieland: Mkemia aliyefumbua siri ya nyongo

MCHINJAJI yeyote hujihadhari asipasue kifuko cha nyongo, kwani nyama iliyoingiwa na uchungu ule haina mlaji. Heinrich Wieland, mkemia wa Kijerumani, aliitafuta nyongo hiyo ya ng’ombe kwa hiari yake na kuishughulikia kwa takriban miaka ishirini.

Wieland alizaliwa Juni 4, 1877 mjini Pforzheim, kusini mwa Ujerumani, akiwa mwana wa mkemia. Alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Munich mwaka wa 1901, na kuanzia mwaka wa 1912 hivi akazigeukia asidi za nyongo. Haikuwa kazi ya kuonewa wivu. Zama hizo mkemia alilazimika kuivunja molekuli kipande kwa kipande, kisha akisie umbo lake kutokana na vigae.

Mwaka wa 1919, Adolf Windaus wa Göttingen, aliyekuwa akichunguza kolesteroli, alifaulu kupata kutokana nayo asidi ile ile ambayo Wieland aliipata kutokana na nyongo. Ikabainika kwamba vitu hivyo viwili ni ndugu wa damu.

Undugu huo ndio kiini cha maradhi ya vijiwe vya nyongo. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli, na kolesteroli nyingine huitoa ilivyo, ndani ya nyongo. Kolesteroli haiyeyuki majini. Asidi hizo, zikisaidiwa na mafuta yaitwayo lesithini, ndizo huizuia isigande. Kolesteroli ikizidi, au asidi zikipungua, mizani hiyo huvunjika: chembe za fuwele hujitenga, hunaswa katika ute wa kifuko na polepole huwa mawe. Jiwe likiziba mrija, mgonjwa hushikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, aghalabu baada ya mlo wenye mafuta mengi. Takriban asilimia 95 ya asidi hizo hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mdogo na kurejea inini. Ndiyo maana mtu aliyekatwa sehemu hiyo ya utumbo huwa hatarini zaidi kupata vijiwe.

Wieland alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 1927, iliyotangazwa mwaka wa 1928 pamoja na ile ya Windaus. Kumbe umbo la molekuli alilolieleza halikuwa sahihi! Mwaka wa 1932, J. D. Bernal wa Cambridge alionyesha kwa eksrei kwamba molekuli za jamii hiyo ni ndefu na bapa mno kulingana na mchoro huo. Otto Rosenheim na Harold King wa London wakapendekeza umbo jingine. Mwaka huo huo, Wieland na mwenzake Elisabeth Dane walichapisha masahihisho yao. Sisi tunaohariri magazeti tunajua jinsi masahihisho yanavyouma, sembuse kuyaandika medali ikiwa kabatini.

Hakuwa malaika. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya utafiti wa silaha za kemikali chini ya Fritz Haber. Lakini enzi za Wanazi, maabara yake ya Munich iliwahifadhi wanafunzi wenye asili ya Kiyahudi waliofungiwa milango kwingineko. Mmoja wao, Hans Leipelt, alikamatwa mwaka wa 1943 kwa kueneza karatasi za kuupinga utawala. Wieland alifika mahakamani mwaka wa 1944 kumtetea. Haikufaa kitu, Leipelt aliuawa kwa kukatwa kichwa Januari 29, 1945.

Wieland alifariki Agosti 5, 1957. Miaka 15 baadaye, madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliripoti kwamba asidi ya kenodeoksikoliki, ambayo Wieland aliitambua katika nyongo ya binadamu mwaka wa 1924, ikimezwa huweza kuyeyusha vijiwe vya kolesteroli. Dawa hiyo iliharisha na kusumbua ini, hivyo leo hutumiwa zaidi nduguye, ursodeoksikoliki, aliyepewa jina la dubu. Huchukua miezi mingi, hufaa vijiwe vidogo visivyo na chokaa, na mara nyingi vijiwe hurudi inapoachwa. Wengi wanaougua huondolewa kifuko chenyewe kwa upasuaji, nayo nyongo ikaendelea kutiririka moja kwa moja kutoka inini hadi utumboni.