Charles Houston, Mtetezi wa Wachochea Moto wa Reli

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Leo napenda kuwaelezea wasomaji habari za marehemu Charles Hamilton Houston, Mmarekani mweusi aliyeutumia uwakili wake kutafuta haki hiyo ya mnyonge. Wengi wamelisikia jina la mwanafunzi wake, Thurgood Marshall, aliyekuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa Katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960. Mwalimu wake hatajwi sana, nami naona si insafu kumsifu mwanafunzi na kumsahau aliyemfunza.

Houston alizaliwa Washington tarehe 3 Septemba, 1895. Baba yake alikuwa wakili, na mama yake alikuwa mtengenezaji nywele. Mwaka 1915 alihitimu katika chuo cha Amherst, akiwa kijana mweusi pekee wa darasa lake na miongoni mwa waliofuzu juu kabisa. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa ofisa wa jeshi, akapelekwa Ufaransa. Huko aliona jinsi maofisa weusi walivyotwezwa na watu wa jeshi lao wenyewe, akaazimia kwamba akirudi salama atasoma sheria awatetee wasio na mtetezi.

Mwaka 1919 aliingia Harvard. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mhariri wa jarida la sheria la chuo hicho, na mwaka 1923 akatunukiwa udaktari wa sheria. Tangu 1929 aliongoza skuli ya sheria ya Chuo cha Howard, ambayo wakati huo ilikuwa ya masomo ya jioni, akaigeuza kuwa ya mchana kutwa. Alikuwa mwalimu mkali asiyependa uvivu. Mwaka 1933 Marshall alihitimu hapo akiwa wa kwanza darasani.

Mwaka 1935 Houston akawa wakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Sheria ya siku zile iliruhusu weusi watengwe, mradi wapewe vilivyo sawa na vya weupe. Houston alijua kuwa bandu bandu huisha gogo, kwa hiyo alianza kwa kuudai usawa huo huo ulioandikwa. Mwaka 1938, katika kesi ya Lloyd Gaines, Mahakama ya Juu iliamua kuwa jimbo la Missouri haliwezi kumtaka kijana mweusi akasomee sheria jimbo jingine ilhali weupe wanasomeshwa nyumbani.

Lakini kesi inayonigusa zaidi mimi, mtu wa pwani hii ambayo wengi wamelelewa kwa mshahara wa reli na bandari, ni ya Bester William Steele, mchochea moto wa garimoshi huko Alabama. Kazi hiyo ilipokuwa ya jasho na majivu, watu weusi waliachiwa. Mashine za kutia makaa zilipoirahisisha, weupe wakaitamani. Chama cha wachochea moto hakikupokea wanachama weusi, na bado kisheria ndicho kilichowasemea wafanyakazi wote. Mwaka 1941 kikapatana na makampuni ya reli kuwapunguza weusi kazini, na Steele akaondolewa katika nafasi yake nzuri akapewa kazi nzito zaidi. Riziki yake iliuzwa na msemaji asiyemchagua!

Tarehe 18 Desemba, 1944, Houston alishinda. Mahakama ya Juu iliamua kuwa chama kinachowasemea wote kina wajibu wa kuwatetea wote bila ubaguzi. Hata hivyo, haikukilazimisha kuwapokea weusi kuwa wanachama.

Mwaka 1945 alijiuzulu katika kamati ya serikali ya kupinga ubaguzi wa kazi, kwa kuwa Rais Truman aliizuia kuiamuru kampuni ya magari ya abiria ya Washington iache ubaguzi.

Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 22 Aprili, 1950, akiwa na umri wa miaka 54. Miaka minne baadaye, Marshall na wenzake walishinda kesi iliyoharamisha kutenga watoto katika skuli za serikali. Houston hakuiona siku hiyo. Lakini swali alilolipeleka mahakamani kwa ajili ya Steele kila mfanyakazi anayelipa ada ya chama ana haki ya kuliuliza: je, wanaposema kwa jina langu, wananitetea na mimi?