Semei Kakungulu na Njia za Vinamasini

Watu wengi wakisikia jina la Semei Kakungulu hukumbuka vita. Kweli alipigana sana, lakini hapa nataka kuwaeleza wasomaji habari za kazi yake nyingine, yaani kuziba vinamasi ili watu wapite.

Huyu Kakungulu hakuwa Muganda wa kuzaliwa. Alizaliwa Kooki yapata mwaka 1869, akaja Buganda akiwa kijana, akawa mwindaji wa ndovu. Vita vya dini vilipotokea mwaka 1888 alipata sifa kuu katika majeshi ya Wakristo, na baadaye akapewa cheo cha Kimbugwe. Lakini Mengo haikuwatosha yeye na Katikiro Apolo Kagwa. Basi akatoka kwenda kutafuta nchi yake mwenyewe. Mwaka 1899 alikuwamo katika jeshi lililowakamata Mwanga na Kabalega huko Lango, kisha akaingia Bukedi pamoja na wafuasi wake.

Nchi ile ya mashariki imekatwakatwa na vinamasi vinavyoteremka mpaka ziwa Kyoga. Mtu aliweza kuona moshi wa kijiji ng'ambo, na asifike ila kwa mtumbwi au kwa kuzunguka mbali. Kakungulu akaleta ufundi wa Buganda, ambako tangu zamani kila chifu mkubwa alipaswa kuitunza njia iendayo kwa Kabaka. Ufundi wenyewe ni huu. Magogo ya mikindu hukitwa matopeni safu mbili, na katikati hulazwa mafunjo, tabaka juu ya tabaka, hata yashikamane; juu yake hutiwa udongo na kushindiliwa. Hapa na pale huachwa nafasi maji yapite, na juu ya nafasi hiyo hutandazwa magogo yawe daraja. Taabu ni kwamba mafunjo huoza, tuta huzama, na maji yakikosa pa kupita hulibomoa. Kwa hiyo kila mvua ikiisha, kazi huanza tena.

Kwa njia hii aliunganisha ngome zake, Budaka, Kumi na nyinginezo, kwa barabara pana zilizopandwa miti kandokando. Wazungu waliopita walistaajabu. Nami nastaajabu pia, lakini sipendi kumsifu bila kutaja mikono iliyofanya kazi. Wateso, Wagwere na Wagisu waliitwa na mawakala wake wenye bunduki, wakabeba udongo bila mshahara, na mwaka uliofuata wakaitwa tena kutengeneza palepale.

Mwaka 1902 serikali ilimwondoa Budaka, akahamia upande wa Mbale, mahali ambapo leo ni mji mkubwa. Toka mwaka 1906 hata 1913 alikuwa mkuu wa baraza la machifu wa Busoga. Uzeeni aliacha kanisa, na mwaka 1919 akaanzisha jamii ya Wayahudi weusi, Abayudaya, ambayo ingali iko. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama karibu na Mbale.

Siku zake, mtu wa Kampala aendaye mashariki alivuka Nile kwa chombo. Daraja la reli la Jinja lilimalizika mwaka 1931, miaka mitatu baada ya kufa kwake, nalo lingali limesimama. Njia ya magari ilipita juu ya bwawa la Owen Falls tangu 1954, hata daraja jipya likafunguliwa Oktoba 2018.

Lakini hata saruji hudai matengenezo. Daraja la Karuma, la mwaka 1963, lilifungwa Septemba 2024 ili litengenezwe. Na Katonga, katika njia ya Masaka, ni kinamasi cha mafunjo kama vile vya Bukedi. Mwezi wa Mei 2023 maji yalijaa, yakaikata barabara ile kuu. Magari ya Masaka yakalazimika kuzunguka kwa Gomba na Sembabule, safari ndefu kweli, na abiria wakalipa nauli zaidi.