C. F. M. Swynnerton na Utambuzi wa Mbung'o wa Nyika za Singida

Katika Kiswahili neno mbung'o, pamoja na mwenzake ndorobo, hutaja nzi wote wa jenasi ya Glossina, ambao hueneza vimelea vya tripanosoma na hivyo kuwaletea watu malale na mifugo nagana. Kwa mfugaji umoja huo wa jina hauna madhara. Yatosha ajue kwamba nzi huyu huua ng'ombe. Lakini kwa anayekusudia kumwondoa nzi huyo nchini, jina moja halitoshi, kwani ndani yake mna spishi zenye makazi na tabia zinazotofautiana. Maisha ya Charles Francis Massy Swynnerton, yaliyokatika wilayani Singida mwaka 1938, yanastahili kuangaliwa kwa mtazamo huo wa uainishaji.

Swynnerton alizaliwa mwaka 1877, mtoto wa kasisi wa jeshi la India. Akiwa kijana alihamia Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, akasimamia shamba la Gungunyana karibu na msitu wa Chirinda. Huko alikusanya mimea, vipepeo na ndege. Ndege mmoja mdogo wa msituni alipewa jina lake na Shelley mwaka 1906. Ndege huyo hupatikana pia katika Usambara Mashariki. Hata hivyo, kazi iliyomtambulisha zaidi ni uchunguzi wake wa mbung'o wa Mossurise, Msumbiji, uliochapishwa mwaka 1921. Humo alizingatia kwa makini masimulizi ya wazee kuhusu Mzila, mtawala wa Gaza, aliyewakusanya watu wake wakae pamoja, wakafyeka, wakachoma na kuwinda hata nzi wakatoweka. Si wataalamu wengi wa enzi ile waliokubali kujifunza kutoka katika chanzo kama hicho.

Mwaka 1919 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Malale yalipozuka karibu na Mwanza mwaka 1922, alikwenda kumchunguza nzi aliyehusika. Kwa macho ya kawaida nzi huyo angeweza kudhaniwa kuwa Glossina morsitans, aliyekwisha kujulikana tangu karne ya 19. Austen, wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, ndiye aliyemtenga kuwa spishi ya peke yake mwaka 1923, akamwita Glossina swynnertoni. Tofauti iliyo thabiti zaidi baina ya wawili hao imo katika viungo vya uzazi vya dume, ambavyo huhitaji hadubini.

Tofauti hiyo ndogo ilikuwa na uzito mkubwa. Morsitans ni nzi wa miombo. Swynnertoni hukaa katika vichaka vya migunga na nyika iliyo wazi zaidi, na eneo lake zima halipiti kaskazini na kati ya Tanzania na kusini mwa Kenya. Singida ina aina zote mbili za uoto. Anayefyeka bila kujua ni nzi gani aliye mbele yake huenda akapoteza nguvu za watu bure, na nguvu hizo hazikuwa za Swynnerton. Huko Shinyanga ni maelfu ya Wasukuma, chini ya watemi kama Makwaia wa Usiha, walioshika mashoka. Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, anakumbusha kwamba kabla ya sotoka ya miaka ya 1890 wenyeji wenyewe waliuzuia msitu kwa mashamba na mifugo yao. Kwa maoni yangu, Swynnerton aliuelewa ukweli huo kuliko serikali iliyomwajiri, maana alikwisha kuusikia Mossurise.

Idara ya utafiti wa mbung'o ilipoundwa mwaka 1929, aliiongoza akiwa Shinyanga. Taarifa yake kuu kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1936. Mwanabotania wake, Bernard Dearman Burtt, alikuwa akiainisha uoto ule ule ambamo nzi waliishi, kikiwamo kichaka kizito cha Itigi, kwani jina la nzi lilihitaji jina la kichaka. Tarehe 8 Juni 1938 wote wawili walifariki ndege yao ilipoanguka wilayani Singida. Maelezo ya Burtt kuhusu jamii za mimea za Afrika Mashariki yalichapishwa mwaka 1942.