Maxwell: mtu wa pia aliyeipa rangi namba

Kabla ya simu na kompyuta, kuna jamaa wa Uskoti alizungusha pia akagundua kitu ambacho mpaka leo kinaamua sura yako itatokaje kwenye printa ya rangi. Anaitwa James Clerk Maxwell.

Alizaliwa Edinburgh mwaka 1831. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 8 tu. Shuleni wenzake walimcheka kwa nguo zake na lafudhi ya shamba, wakampachika jina la utani la mjinga.

Huyo mjinga akaja na swali: rangi inapimwaje?

Akachukua pia, kama ile wanayochezea watoto, akaifunika karatasi nyekundu, kijani na bluu. Katikati akaweka rangi nyingine. Ikizunguka kwa kasi, jicho haliioni tena karatasi moja moja, linaona rangi moja tu. Akawa anapunguza hii, anaongeza ile, mpaka ilingane na ya katikati. Kisha anasoma vipimo pembeni, palipogawanywa sehemu 100. Mwaka 1855 akatangaza matokeo: rangi inaweza kuandikwa kwa namba tatu.

Mwaka 1858 alimuoa Katherine, akawa mwenzake wa kazi. Wakiwa London walichungulia mwanga kwenye sanduku refu saa nyingi, hadi majirani wakadhani wamechanganyikiwa, wanakodolea macho jeneza. Vipimo vyao vilitofautiana kidogo. Kumbe macho ya watu wawili hayaoni sawasawa.

Mwaka 1861 alionyesha picha ya rangi ya utepe wa kitambaa. Mpiga picha Thomas Sutton aliupiga kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na bluu, kisha picha zikaunganishwa kwa mwanga ukutani. Miaka 100 baadaye wataalamu wa Kodak waligundua kulikuwa na bahati: vioo vya picha vya enzi hizo havikuinasa nyekundu. Vilinasa mionzi isiyoonekana iliyotoka kwenye kitambaa kilekile.

Saratani ya tumbo ilimuua mwaka 1879 akiwa na miaka 48. Ugonjwa kama huo ndio uliomchukua mama yake.

Mwaka 1931 wataalamu wa kimataifa walikubaliana namba za kupimia rangi, kwa njia ileile ya kulinganisha rangi tatu. Juu ya namba hizo ndipo inajengwa profaili ya rangi ya printa.

Inatengenezwaje? Fundi anachapa karatasi yenye mamia ya vibox vya rangi, huku marekebisho yote ya printa yamezimwa. Kifaa kinasoma kila kibox, si jicho la mtu. Programu inalinganisha rangi iliyoombwa na iliyotoka, halafu inaandika jedwali la kusahihisha. Ukibadilisha aina ya karatasi, unaanza upya. Unyevu nao hubadilisha jinsi tona inavyoshika karatasi, kwa hiyo profaili ya kiangazi inaweza isifae masika.

Kwa mwenye steshenari Rutamba, hilo si jambo dogo. Mteja akileta picha pekee ya marehemu mama yake, ikitoka nyekundu kama udongo, haendi nyumbani na mama. Namba za Maxwell ndizo zinamrudishia sura yake.