Archie Cochrane: daktari aliyetaka kila tiba ipimwe

Mama akishikwa na uchungu kabla ya wiki 37 za ujauzito, huenda akachomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Sindano hiyo haizuii uchungu, lakini huokoa watoto njiti. Tulijuaje kwamba inafanya kazi? Sehemu ya jibu imo katika maisha ya daktari ambaye hata hakuwa bingwa wa uzazi.

Somo la kambini

Archie Cochrane alizaliwa mwaka 1909 huko Galashiels, Scotland. Alisomea udaktari London, akakatiza masomo kwenda kuhudumia majeruhi wa vita nchini Hispania. Mwaka 1941, katika Vita Kuu ya Pili, alitekwa na Wajerumani kisiwani Crete, akawa daktari wa mateka wenzake huko Salonika, Ugiriki.

Njaa ilikuwa kali na mateka wengi walivimba miguu. Cochrane alichukua vijana 20 akawagawa makundi mawili: 10 aliwapa hamira na 10 vitamini C. Siku chache baadaye, waliopewa hamira walikuwa na nafuu zaidi. Aliwapelekea Wajerumani hesabu zake, nao wakatoa hamira kwa ajili ya kambi. Jaribio lilikuwa dogo, lenye kasoro nyingi, lakini lilionyesha njia: tiba hupimwa kwa kulinganisha.

Baada ya vita alikwenda Wales, akachunguza mapafu ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Mwaka 1972 alitoa kitabu akisisitiza kwamba tiba ithibitishwe kwa majaribio ambamo wagonjwa hugawanywa kwa kura, ili daktari asichague nani apate nini.

Ushahidi uliotawanyika

Mwaka huohuo, huko New Zealand, Graham Liggins na Ross Howie walitangaza matokeo ya sindano za steroidi kwa akina mama 282 waliotarajiwa kujifungua mapema. Miongoni mwa watoto ambao mama zao walipata dawa, takriban 3 kati ya 100 walifariki siku za mwanzo. Kwa wasioipata, walikuwa 15 kati ya 100.

Tafiti nyingine zilifuata. Baadhi zilikuwa ndogo mno, na kila moja ikitazamwa peke yake haikutoa jibu la uhakika. Madaktari wengi wakasita, na watoto ambao wangeweza kuokolewa wakaendelea kufa.

Mwaka 1979 Cochrane aliwakosoa wazi madaktari wa uzazi: kati ya mabingwa wote, wao ndio waliotumia majaribio ya kura kwa uchache zaidi. Alitaka pia kila fani ikusanye majaribio yake yote na kuyahesabu pamoja. Iain Chalmers na wenzake huko Oxford waliifanya kazi hiyo kwa upande wa ujauzito na uzazi. Majaribio ya steroidi yalipounganishwa, jibu likawa wazi: sindano inapunguza vifo.

Cochrane alifariki mwaka 1988, mwaka mmoja kabla ya kazi hiyo kuchapishwa kitabuni. Mtandao wa watafiti ulioanzishwa mwaka 1993 ulipewa jina lake, na nembo yake inaonyesha majaribio hayo ya steroidi. Mwaka 2020, utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Kenya ikiwemo, ulionyesha tena kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya watoto njiti.

Kwako mama

Sindano inahitaji muda kabla ya mtoto kuzaliwa, kwa hiyo usisubiri nyumbani. Nenda hospitali mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi kabla ya wiki 37:

- tumbo kukaza na kuachia mara kwa mara
- maji au damu kutoka ukeni
- maumivu ya kiuno yasiyoisha

Beba kadi yako ya kliniki. Mhudumu anahitaji kujua umri wa mimba, kwa sababu dawa hii hufaa katika wiki maalumu, na mahali ambapo mtoto njiti anaweza kuhudumiwa. Uliza kila dawa unayopewa ni ya nini. Ni haki yako.