Thomas Telford, Mjenzi wa Barabara

Katika toleo hili napenda kuwaeleza maisha ya Thomas Telford. Mimi ni mtoto wa Handeni ninayesoma Korogwe, na kwetu habari za barabara si habari ndogo. Mahindi ya mkulima yakikwama njiani kwa matope, jasho lake la mwaka mzima limepotea.

Telford alizaliwa mwaka 1757 huko Westerkirk, kusini mwa Scotland. Baba yake, mchunga kondoo, alifariki mtoto akiwa na miezi michache tu. Basi akalelewa na mama yake katika umaskini. Alisoma shule ya kijijini, kisha akafundishwa uashi. Mchana alichonga mawe, usiku alisoma vitabu vya kuazima. Hakuingia chuo kikuu, lakini hakuacha kujifunza maisha yake yote.

Mwaka 1801 na 1802 serikali ilimtuma kukagua nyanda za juu za Scotland. Aliona watu wanahamia bara la Amerika, kwani mashamba yao yalikuwa yamegeuzwa malisho ya kondoo. Akashauri zijengwe barabara na madaraja, ili watu wapate kazi na biashara ifunguke. Shauri lake likakubaliwa. Kwa muda wa miaka kama 18 zikajengwa barabara za kilomita zaidi ya 1,400 na madaraja kiasi cha 1,000. Kuhama hakukukoma kabisa, lakini maelfu ya wanaume walijifunza ufundi katika kazi ile.

Barabara zake zilijengwa hivi: chini mawe makubwa yaliyopangwa kwa mkono, juu yake kokoto, katikati pameinuka kidogo, na kandokando mifereji ili maji yasituame. Ajuaye masika ya kwetu ataelewa maana yake. Mwaka 1826 lilifunguliwa daraja lake la minyororo ya chuma huko Menai, Wales, lenye mita 176 kati ya mnara na mnara, na meli zikipita chini yake.

Mwaka 1820 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wahandisi mjini London, ambamo wenye ujuzi walifundishana. Alifariki mwaka 1834, akazikwa Westminster Abbey. Sehemu ya fedha zake aliziachia maktaba za kwao.

Reli kutoka Tanga ilifika hapa Korogwe mwaka 1902, lakini waliopanga ipite wapi ni wakoloni wa Kijerumani, kwa faida yao. Leo twaweza kupanga wenyewe. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, na mwenye digrii ya kwanza aweza kuendelea mpaka shahada ya uzamili.

Basi wenzangu, tusiyakimbie mahesabu na fizikia. Telford hakuanza na kokoto. Alianza kwa kutazama shida za watu, ndipo akachora njia. Naye atakayesomea kazi hii kutoka Handeni au Korogwe, shida hizo anazijua tayari.