Mwalimu na Wenye Mitambo

Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, lilikuwa jina la kijiji cha Wagogo kabla halijawa jina la mahali pa mizigo na ofisi. Leo reli ya umeme yapita huko, na Mji wa Serikali wa Mtumba umesimama jirani yake. Reli hiyo imejengwa na kampuni ya Uturuki. Treni zake za abiria zimeundwa Korea ya Kusini. Na bwawa kubwa la Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa na kampuni za Misri. Nchi inakua upesi, na kila inapokua hudai umeme zaidi. Ndiyo maana sasa nguvu ya nyuklia nayo yazungumzwa. Magharibi ya Dodoma, wilayani Bahi, urani imekwisha kuonekana ardhini. Na huko Namtumbo, mkoani Ruvuma, mwezi wa Julai 2025 ulizinduliwa mtambo wa majaribio wa kuchakata urani, mali ya kampuni iliyo chini ya shirika la nyuklia la Urusi.

Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuwakumbusha wanachama na wafanyakazi maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, si kwa upande wake wote, bali kwa upande mmoja usiosimuliwa mara nyingi: jinsi alivyoishi na wageni wenye mitambo.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, akaendelea Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Aliporudi mwaka 1952 alifundisha Pugu. Elimu yake ilitoka mikononi mwa wageni, lakini aliirudisha nyumbani na kuigawa. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa chini ya uongozi wake, na mwaka uliofuata, alipotakiwa achague kati ya kazi na siasa, aliacha kazi. Tangu siku hiyo ilijulikana kwamba mtu aliyeacha mshahara kwa hiari yake ni vigumu kumtisha kwa fedha.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, wahandisi wazalendo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nchi haikuwa na hiari ila kuomba msaada, na mwombaji hujaribiwa. Jaribio la kwanza lilitoka Ujerumani Magharibi. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, Bonn haikupendezwa na kuwapo kwa wajumbe wa Ujerumani Mashariki katika nchi yetu, na mapema mwaka 1965 ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi ili kutushurutisha. Mwalimu aliwajibu kwamba wachukue na msaada mwingine wote wa serikali yao. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Hasara hiyo ilikuwa kubwa kwa nchi changa. Aliijua, akaichagua.

Lakini asidhani mtu kwamba Mwalimu aliwachukia wageni. Kosa aliloliogopa lilikuwa kusimama mbele ya mlango mmoja tu. Benki ya Dunia ilipokataa kugharimia reli ya kwenda Zambia, alibisha hodi Peking, na mkataba ukatiwa sahihi mwezi wa Septemba 1967, miezi michache tu baada ya Azimio la Arusha. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli yenye urefu wa kilometa 1,860 ikakabidhiwa kwa Watanzania na Wazambia. Mkopo wake haukuwa na riba. Hata hivyo sehemu ya gharama ililipwa kwa kununua bidhaa za China, nasi tukajifunza kwamba hata rafiki mwema huja na kikapu chake.

Wakati huohuo kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kigamboni kilikuwa kazi ya Waitaliano, na bwawa la Kidatu lilijengwa kwa fedha za Benki ileile ya Dunia pamoja na Sweden. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilikamilika mwaka 1980 ili kulihifadhia Kidatu maji. Mchina alikuwa relini, Mswidi bwawani, Mtaliano kwenye mafuta, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuizima nchi nzima kwa kukunja uso. Hiyo ndiyo iliyokuwa akili ya Mwalimu.

Yatupasa pia kusema palipomshinda, kwa maana sifa isiyo na ukweli haimfundishi mtu. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda, fedha za kigeni zilikauka. Viwanda vilivyonunuliwa nje vilisimama kwa kukosa vipuri. Injini za kwanza za reli ya TAZARA zilizidiwa na milima, na katika miaka ya 1980 nyingine zikanunuliwa Ujerumani Magharibi. Ilidhihirika kwamba anayekuuzia mashine mara moja atakuuzia vipuri miaka thelathini, na kwamba kuchagua wauzaji wengi hakutoshi ikiwa wewe mwenyewe hujui kutengeneza msumari.

Katika jambo la nyuklia Mwalimu hakulala. Katika uongozi wake Tanzania iliingia katika Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 kampuni ya Ujerumani Magharibi iliitafuta urani katika ardhi yetu. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kuwakinga watu na mionzi, kabla nchi haijawa na mgodi wala kinu. Kisha mwaka 1984 na 1985 alisimama pamoja na viongozi wa Argentina, Ugiriki, India, Mexico na Sweden, kuyataka mataifa makubwa yaache kushindana kwa mabomu. Aliacha urais mwaka 1985, na tarehe 14 Oktoba 1999 akafariki London, akazikwa Butiama. Hakujenga kinu cha nyuklia, lakini aliacha kipimo cha kumpimia atakayekileta.

Na kipimo hicho chahitajika sasa kuliko jana, maana kinu cha nyuklia hakifanani na bwawa. Maji ya Rufiji hayauzwi na kampuni ya Misri. Mkandarasi akiondoka mto hubaki. Kinu hukusudiwa kuishi miaka 60, na kila mara hudai mafuta yaliyorutubishwa, kazi ambayo ni nchi chache tu ziiwezazo. Pale Koeberg, Afrika Kusini, kinu kilijengwa na Wafaransa na kuanza kutoa umeme mwaka 1984. Miaka 40 baadaye, jenereta zake za mvuke zilipobadilishwa, aliyepewa kandarasi alikuwa tena Mfaransa. Misri nayo inajengewa vinu vinne na Warusi huko El Dabaa. Hatusemi wamekosea. Twasema kwamba ndoa ya namna hiyo haina talaka nyepesi.

Wakulima wetu wa pamba wanaijua hadithi hii. Pamba ilikwenda nje ikiwa robota, ikarudi ikiwa kanga, na faida ikabaki njiani. Urani ikitoka Namtumbo, au kesho Bahi, ikiwa unga, nasi tukaja kununua fito za mafuta kwa bei ya mwenye kiwanda, tutakuwa tumeirudia pamba kwa jina jipya. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi, kabla ya mkataba wowote wa kinu, tunadai mambo manne yaandikwe waziwazi. Mafuta yaweze kununuliwa kwa zaidi ya muuzaji mmoja. Vijana wetu wafundishwe kukiendesha na kukitengeneza, nao washike kazi kwa tarehe iliyotajwa. Ijulikane taka zake zitawekwa wapi, na kwa gharama ya nani. Na wakulima wa mpunga wa Bahi waulizwe kabla ya kuchimbwa mashimo, si baada yake. Matawi ya Chama na vyama vya wafanyakazi vilijadili haya mapema, maana sahihi ikisha kutiwa, wino haufutiki.